Upepo wa Pampu ya Tatu

Mintarsih alikuwa na adabu kupita kiasi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikera kwake tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Mteja akisimamisha pikipiki pampu ya tatu, Mintarsih aliinama kidogo, akakunja vidole vyake na kuelekeza dole gumba kwenye kioo cha mashine, maana kwetu Java kumnyooshea mtu au kitu kidole cha shahada ni ufidhuli, kisha akasema, "Tunaanza sifuri, Kaka." Mteja awe mlevi, awe na matusi, awe mtoto wa shule aliyeiba pikipiki ya baba yake, wote walipata dole gumba lile lile na sauti ile ile. Mimi wengine ningewamwagia hiyo petroli miguuni.

Mimi ni Mama Painem. Kibanda changu cha pecel, wali na mboga kwa mchuzi wa karanga, kimeegemea ukuta wa kituo hicho cha petroli hapa Surabaya, upande wa taa za barabarani. Nilikuwapo kabla ukuta wenyewe haujapakwa rangi. Magari yakisimama kwenye taa nyekundu yananipulizia, na yakiondoka yananipulizia zaidi. Wateja wanasema mchuzi wangu wa karanga una ladha ambayo hawaipati kwingine. Siwaulizi ni ladha ya nini.

Pampu ya tatu ni ya pikipiki, na ndiyo mbaya kuliko zote. Huku ina kioo cha duka, huku ina barabara, juu ina paa, na hewa ikishaingia pale haina pa kutokea. Petroli ya gari unachomeka bomba, unasimama pembeni, likishiba linajizima lenyewe. Tangi la pikipiki liko chini ya kiti, dogo, na lazima ulichungulie kwa macho usije ukamwaga. Halafu watu wetu wana lao. Hawaamini mashine wala mtu, wanataka kuona petroli ikimeremeta shingoni mwa tangi ndipo waamini kwamba hawakuibiwa. "Ongeza, Dada, bado. Ongeza kidogo." Basi Mintarsih alikuwa akiinama, uso wake juu ya lile tundu, akiongeza kidogo. Saa za adhuhuri unaona kabisa hewa inatetemeka pale juu ya tangi, mbele ya pua yake.

Aliniambia kwamba mwanzoni harufu ile ilimpendeza, kisha ikawa inamchefua, kisha ikapotea. Hakuisikia tena. Sisi wengine tuliisikia kwake. Sare yake, kitambaa chake cha kichwani, hata noti alizonilipa zilinuka. Mumewe Jumadi, ambaye hubeba abiria kwa pikipiki, alikuwa akimtania kwamba alidhani anaoa mke kumbe kaoa dumu, na kwamba asikae karibu na jiko. Mintarsih alicheka na kuziba mdomo kwa mkono. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini nani anawaza wahenga wakati anafua?

Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka katika kituo kile, nacho ni kiti cha duka. Nyuma ya kile kioo, hatua chache kutoka pampu yake, kulikuwa na keshia aliyeuza maji, biskuti na mafuta ya kuchua, ameketi, hewa ya baridi inamshukia kichwani. Keshia huyo alikuwa anajiandaa kumfuata mumewe Kalimantan. Mintarsih ndiye aliyekuwa mkongwe wa pampu, na kwa haki kiti kilikuwa chake. Tena alikihitaji. Kichwa kilikuwa kinamuuma kila siku kuanzia saa nne, na akipanda zile ngazi za ofisini moyo ulimwenda mbio kama kabeba gunia la mchele. Alipokuja kula kibandani kwangu alikuwa akigeuza kichwa na kukitazama kile kiti kupitia kioo. Nikamwambia akaombe. Akasema ataomba. Ilipita muda mrefu kabla hajaomba, kwa kuwa kila alipokwenda alimkuta meneja anakula, au anasali, au ana wageni, na yeye hakutaka kumsumbua mtu.

Kwetu mtu kichwa kikimuuma, uchovu ukimzidi, hatuendi mbali. Tunajua upepo umeingia mwilini, na dawa ya upepo ni kukwanguliwa. Unapakwa mafuta mgongoni, mtu anachukua sarafu, anakukwangua kando ya uti wa mgongo na katikati ya mbavu mpaka mistari myekundu itokeze. Ikiwa myekundu sana, upepo ulikuwa mwingi. Ukiamka asubuhi u mwepesi. Mimi mwenyewe nimekwanguliwa tangu utotoni, na siwezi kusema uongo, raha yake naijua.

Jumadi alikuwa na sarafu ya shaba ya bibi yake, ya zamani za Wadachi, imelika mpaka imekuwa laini kama kokoto la mtoni. Jioni moja niliwapelekea wali uliobaki, nikawakuta ukumbini, Mintarsih kalala kifudifudi mkekani, mumewe kapiga magoti kando yake. Binti yao Sekar alikuwa anashika chupa ya mafuta. Jumadi alipitisha sarafu mara moja, taratibu, kama mtu anayepaka siagi, na mstari ukajitokeza hapo hapo. Haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa zambarau, unaelekea weusi.

"Umeona, Mama Painem?" aliniambia, naye amefurahi. "Sijakandamiza hata kidogo. Upepo uko juu juu, unatoka wenyewe."

Majirani wawili waliokuwa mlangoni wakaafiki. Mmoja akasema upepo mweusi namna hiyo ni wa siku nyingi, umelala, na Jumadi ana mkono wa baraka. Nilichokiona mimi jioni ile ni mwanamume aliyetoka kutwa nzima barabarani, akapiga magoti kumhudumia mkewe kabla hajala. Wangapi wanafanya hivyo? Marehemu wangu alikuwa akinikwangua kama anaparua samaki.

Baada ya hapo ndipo akaja Retno. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba, na mkoba mkubwa kumshinda. Siku ya kwanza alikula pecel yangu akalia machozi kwa pilipili, nikampenda. Kazi yake ilikuwa kupima hewa. Aliwabania wafanyakazi vijibomba vya kioo kwenye kola, vidogo kama kalamu, wakafanya navyo kazi kutwa nzima, jioni akavikusanya akavifunga vizuri na kwenda navyo. Kimoja alikitundika kwenye nguzo ya kibanda changu. Nilimuuliza kama anapima pilipili, akacheka.

Wiki kadhaa baadaye alirudi akawaita wafanyakazi nyuma ya kituo, wanapoegesha pikipiki zao, nami nikajisogeza kwa kuwa nguzo ilikuwa yangu. Alituambia kwamba petroli haihitaji kumwagika ili ikufikie. Inaruka. Ikiwa ndani ya tangi inaruka, ikiwa kwenye bomba inaruka, na ikishaungua kwenye injini mabaki yake yanatoka na moshi, yanaruka pia. Katika hayo yarukayo imo benzini, na benzini mtu akiivuta miaka mingi inakwenda kwenye uboho, ndani ya mifupa, damu inakotengenezwa, inaharibu kiwanda. Vibomba vya pampu ya tatu ndivyo vilivyozidi vyote. Cha kibanda changu kilifuata. Mara ya kwanza katika maisha yangu nimeshika nafasi ya pili katika jambo lolote.

Halafu Retno akasema maneno ambayo mimi nikifa nitakuwa bado nayakumbuka. Alisema, "Dada zangu, ukiona damu inavilia kwenye ngozi, hukugongwa, hukuanguka, alama imetokea tu bila sababu, usingoje. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo."

Kila mtu akaanza kujikagua mikono. Mintarsih akaziba mdomo, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi zangu zina sababu, mdogo wangu. Ni mume wangu huyo."

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akamsukuma bega, mwingine akauliza kama Jumadi anaazimwa. Hata Retno alicheka, akaona haya. Alielewa maana yake mara moja, kwa sababu naye mama yake humkwangua kila akienda nyumbani. Angekuwa mgeni kutoka ng'ambo pengine angeshtuka na kuuliza. Lakini alikuwa mtoto wetu, na jambo lile ni letu, na letu hatuliulizi.

Meneja wa kituo, Mzee Hartoyo, aliyapokea majibu ya Retno kwa heshima zote, akampiga picha na kumpa chai. Yule mzee si mkatili, niseme ukweli. Ni mtu anayependa kila kitu kiishe kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa amesikia mahali fulani kwamba ule mmea tunaouita ulimi wa mama mkwe unakula hewa chafu, basi akanunua vyungu vyake akavipanga kando ya pampu zote, na ya tatu akaiwekea viwili. Jambo likaisha. Mama mkwe wangu mimi alikuwa na ulimi mrefu kweli kweli, na sijapata kumwona ameulamba moshi akaumaliza. Baada ya muda mfupi majani yale yalikuwa meusi kwa masizi. Nani aliyekuwa akiyapangusa kwa kitambaa chenye maji, moja moja, kama anamwogesha mtoto? Mintarsih huyo huyo.

Angalau maneno ya Retno yalimpa moyo wa kuomba kiti. Aliomba mbele ya wenzake, na Mzee Hartoyo, kwa kuwa watu walikuwa wanasikia, alitoa neno. Alisema aende zahanati inayotibu wafanyakazi wa kituo, na daktari akisema pampu haimfai, kiti ni chake. Asipokipata yeye, yupo Vina, mpwa wake meneja mwenyewe, amemaliza shule na hana la kufanya. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kwa daktari.

Nilifunga kibanda nikaenda naye, kwa sababu nilimjua. Njia nzima nilimfundisha kama mtoto anayekwenda kusomeshwa Kurani. Mwambie kichwa. Mwambie moyo. Mwambie fizi zinatoka damu ukipiga mswaki, na ukigusa meza tu paja linapiga jeusi. Mwambie uko pampu ya tatu tangu Sekar hajaota meno. Akaitikia yote. Ndio, Mama. Ndio, Mama.

Tukaingia. Daktari alikuwa kijana, amechoka, na nje watu wamejaa kwenye mabenchi. Akamuuliza ana shida gani. Mintarsih akakunja mikono mapajani, akainamisha kichwa.

"Upepo tu, Daktari," akasema. "Samahani kwa kukusumbua."

Damu ilinipanda. Nikayasema mimi, kichwa, moyo, fizi, alama, yote, na sikuyasema kwa upole. Daktari akamwomba ainue shati nyuma. Mgongo ulikuwa umechorwa kutoka mabegani mpaka kiunoni, mistari myeusi juu ya mistari myeusi. Akauliza nani aliyemkwangua hivyo. Mume wangu, akasema. Daktari akatabasamu, akasema amwambie apunguze nguvu, ngozi ya mke si sufuria. Kisha akamwandikia vidonge vya madini ya chuma, akasema wanawake wengi wamepungukiwa damu na si jambo la kuogopesha.

"Damu humpimi, Daktari?" nikauliza. "Wametuambia alama za damu zikitoka bila sababu apimwe."

"Bila sababu, Mama," alinijibu, wala hakunijibu vibaya. "Hizi sababu yake si tunaijua?"

Akaandika kwamba anafaa kwa kazi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwenzangu hakuficha kitu. Maradhi yake yalichorwa mgongoni, mumewe akayaona, majirani wakayasifu, daktari akayatania, na kila aliyeyatazama aliona upepo.

Kurudi nilimgombeza mpaka tukafika. Nilimuuliza kama alikwenda kutibiwa au kuomba radhi. Alisema watu walikuwa wengi pale nje, na yeye alikuwa ameshakwanguliwa, sasa angesema nini zaidi. Aliyasema huku anahema, nasi tulikuwa tunatembea polepole.

Vina akakikalia kiti. Hakuwa msichana mbaya, alikuwa mtoto tu anayependa simu. Mintarsih ndiye aliyemfundisha biskuti zinakaa wapi na mlango wa friji unavyofungwa kwa kuunyanyua kidogo. Kisha akatoka nje, akarudi pampu ya tatu, akaelekeza dole gumba. Tunaanza sifuri, Kaka. Mimi nilimwangalia kutoka kibandani nikakoroga mchuzi mpaka ukaungua.

Mvua zilipoanza, adhuhuri moja, alikuwa anamjazia mwalimu mmoja pikipiki yake. Ameinama, anachungulia, na mwalimu anamwambia bado, ongeza. Tone la damu likadondoka juu ya rangi ya tangi. Likaja la pili. Mintarsih akarudisha bomba mahali pake kwanza. Halafu, na hili nimeliona kwa macho yangu, akachukua ncha ya kitambaa chake cha kichwani akaifuta pikipiki ya mwalimu, akamwomba samahani, ndipo akajishika pua. Nilikimbia na vitambaa vyangu vyote vya kufutia majani ya ndizi. Vikalowa. Pua haikukoma. Vina alitoka dukani akilia, na Jumadi alipofika wakampakia katikati kwenye pikipiki, Vina nyuma anamshikilia, wakamkimbiza hospitali kubwa kwenye mvua.

Niliwakuta huko jioni. Daktari wa zamu alikuwa mama mtu mzima, haongei sana. Alikuwa ameshapima damu, akatuambia kwamba chembe zinazoigandisha zimebaki chache mno, na nyingine zote pia zimepungua, uboho umekauka. Aliuliza kazi anayofanya, alipoambiwa akafumba macho kidogo. Kisha akamgeukia Jumadi.

"Hizi alama za mgongoni," akasema, "zilianza lini kutoka bila wewe kukandamiza?"

Nilimwona Jumadi anakumbuka ule ukumbi, mkeka, Sekar na chupa ya mafuta, na nilimwona anaelewa. Sitaki kumwona tena mtu yeyote anaelewa kitu namna ile. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile sarafu ya shaba, akaniwekea kiganjani.

"Kaa nayo, Mama," akasema. "Mimi sitaki kuiona."

Mintarsih alilazwa wiki nyingi. Walimtia damu ya watu wengine, ikakaa kidogo, ikaisha. Retno alikuja akalia kwenye korido, akasema kosa ni lake, nikamwambia anyamaze, kama ni kulia apange foleni. Alikwenda na majibu ya vipimo vyake hadi kwa Mzee Hartoyo, kumtaka akiri kwamba ni petroli iliyomla Mintarsih na awaondoe wenzake pale kwenye kile kisima cha moshi. Mzee Hartoyo alisikitika sana. Alisema mbona wa pampu nyingine ni wazima. Alisema zahanati ilimpima ikamkuta anafaa. Alisema, na hapa Retno aliniambia alishindwa kumtazama usoni, kwamba kwa kweli mume ndiye aliyezidisha kumkwangua, hata daktari aliona. Na vyungu aliweka.

Jambo moja jema lilitokea, nalo halikusaidia kitu. Kukaa mbali na kituo kulimrudishia Mintarsih pua yake. Nilikuwapo siku Jumadi aliingia wodini akitokea kubeba abiria, akamwinamia. Mintarsih akarudisha kichwa nyuma kwenye mto.

"Baba Sekar," akasema, "unanuka petroli."

Akacheka, mkono mdomoni. Alifurahi kuisikia kama mtu aliyekutana na jamaa waliyepoteana siku nyingi. Jumadi akatoka akaenda kuoga kwenye choo cha hospitali, na tangu siku hiyo alikuwa anakuja na shati jingine kwenye mfuko.

Mintarsih alikufa kabla mvua hazijaisha, asubuhi, bila kumsumbua mtu.

Tulimwosha nyumbani kwake, sisi wanawake wa mtaa, na aliyetuongoza alikuwa Bibi Sumirah, ambaye ameosha maiti zote za uchochoro ule. Tulipomgeuza ubavu ili kumwagia maji mgongoni, alama zilikuwapo. Hakuna aliyekuwa amemgusa kwa sarafu tangu alazwe. Damu ilikuwa imevilia yenyewe, kila mahali shuka ilipojikunja, mistari kwa mistari, myeusi. Bibi Sumirah akaipitishia kiganja, taratibu, akatikisa kichwa, akasema, "Alhamdulillah. Upepo umetoka wote."

Alitaka kutufariji, maskini. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya kafuri, na wallahi nilitaka kuirusha ukutani. Sikuirusha. Ulikuwa mgongo wa Mintarsih, na mwenyewe hakuwahi kupenda kelele. Nikamimina polepole.

Nje, kituo kilikuwa kimeleta bango la maua la rambirambi, kubwa kuliko mlango wa nyumba, limeandikwa kwamba familia nzima ya kituo inaomboleza. Halikupita uchochoroni. Waliliegemeza barabarani, mdomoni mwa uchochoro, na wabeba jeneza ikabidi wapite kwa upande, mmoja mmoja, wasije wakayaangusha maua.

Mimi bado nipo ukutani pale. Mtaniuliza kwa nini sihami. Nihamie wapi? Kila barabara yenye walaji ina magari. Retno amemaliza masomo, huniletea salamu mara chache, anasema kuna mabomba yanayonyonya ule mvuke badala ya kuuachia, na nchi nyingine wanayo. Sisi tuna ndimi za mama mkwe, na sasa hakuna anayezipangusa.

Pampu ya tatu yupo msichana anaitwa Anggita. Mchangamfu, mbio mbio, nywele amekata fupi kama mvulana. Juzi alikuja kula saa nne, akasukuma sahani kabla hajafika nusu, akajishika paji la uso. Sarafu ya Jumadi naiweka kwenye kopo langu la chenji, chini kabisa, sijui kwa nini. Akaiona nilipokuwa namtafutia chenji yake.

"Mama Painem, hiyo ya shaba ndiyo nzuri," akasema. "Niazime jioni nikakwanguliwe. Upepo umeniingia."

"Sina," nikamwambia.

"Si hiyo hapo?"

Nikafunika kopo. Nilimwambia sarafu ya kununulia chumvi ninayo, ya kumkwangua sina, na kama anataka nifunge kibanda sasa hivi, naye apande nyuma ya pikipiki ya yeyote atakayepita, twende hospitali kubwa akapimwe damu. Nilimshika mkono kabisa. Nilimweleza habari za Mintarsih, haraka haraka, maana foleni ilikuwa imeanza kupiga honi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Akasema pole sana, Mama. Akasema yeye hana alama zozote za ajabu, ni uchovu tu, na akiomba ruhusa mwezi wa kwanza kazini atasemwa. Akautoa mkono wake mkononi mwangu, taratibu, akarudi pampuni, akakunja vidole na kuelekeza dole gumba kwenye mashine.

Jana amekuja kunywa chai. Alikuwa amefunga kifungo cha juu kabisa cha sare yake, na joto lote lile. Alipoinama kuchukua kikombe, juu ya kola ulichungulia mstari mmoja, umepita shingoni kwenda bega la kushoto. Ulikuwa mwekundu. Nilijisogeza, nikautazama vizuri, nikautazama tena. Bado ni mwekundu.